Trekta ya Shemeji Iliyokunywa Msine

Nyinyi mlioniuliza pale kwa kinu cha kusaga, na wengine kanisani wakati wa matangazo, na wewe Wekesa uliyenisimamisha katikati ya barabara na mzigo wa kuni ukiwa kichwani kwangu, sasa nimeamua kuandika. Nikisimulia kwa mdomo kila mtu ananikatiza. Huyu anauliza hili, yule anacheka kabla ya wakati. Karatasi haikatizwi. Shule yangu mnaijua, nilifika darasa la nne na mwalimu mwenyewe alishukuru nilipoacha. Kwa hivyo herufi zikilala upande, zisomeni hivyo hivyo zikiwa zimelala.

Mambo ya barua ya kualikwa, na kwenda kwa chifu mara tatu kutafuta muhuri, hayo nayaruka. Yalinichosha mara ya kwanza, sitaki yanichoshe tena.

Saboti, kabla ya jua

Marehemu ndugu yangu aliacha mjane, Nasimiyu, na aliacha trekta. Nasimiyu ni shemeji yangu na trekta ni yake, watu wasije wakasema vingine. Mimi ni dereva tu. Hiyo trekta ndiyo inamlimia yeye na kuwalimia majirani, na ndiyo inaweka ugali mezani kwake.

Sasa kuna huyu fundi, Ekai. Ni Mturkana, amezaliwa Kipsongo pale Kitale, na maisha yake yote ametengeneza vitu vya watu kwa vyuma vilivyotupwa. Miaka kadhaa iliyopita alianza kuokota mbegu za msine. Msine ni ule mti mrefu tunaopanda kwenye ua, unaangusha vijimbegu vigumu kama kokoto. Hatuli, na hata mbuzi akionja anageuza uso. Tulikuwa tunafagia na kuchoma. Ekai akatengeneza kikamulio kwa jeki ya lori, akakamua mbegu, akapata mafuta ya rangi ya asali. Akachuja kwa kitambaa siku nyingi. Kisha akaja kwa shemeji akisema yale mafuta yanaweza kuvuta trekta badala ya dizeli.

Mimi sikuamini. Lakini Ekai alinieleza hivi. Dizeli inatoka chini ya ardhi, kwa hivyo moshi wake ni moshi mgeni, unaongezeka tu huko juu na kuharibu majira. Msine ukichomwa, moshi unaotoka ni ule ambao mti ulivuta wakati ukikua, unarudi ulikotoka. Hapo nikaacha kubisha, maana majira nayajua. Zamani tulikuwa tunapanda mahindi bila kuuliza mtu. Siku hizi unakaa mlangoni na mbegu mkononi unaangalia mlima Elgon kama mtu anayengoja mgeni aliyedanganya.

Basi wakubwa wa kilimo wakasikia. Tukaitwa Mabanga, kule karibu na mji wa Bungoma, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima, siku ya maonyesho. Wakiridhika, watatuletea kikamulio kikubwa, na akina mama wote wa Saboti wanaofagia mbegu za msine watakuwa na kazi. Wasiporidhika, shemeji alishasema: tangi la pili litolewe kwenye trekta yake na Ekai arudi Kipsongo na jeki yake.

Asubuhi ile ya Jumatano alisimama mbele ya trekta, leso mabegani kwa sababu ya baridi.

"Shemeji," akaniambia, "wiki ijayo watu wanataka kulimiwa. Hii trekta ikirudi inakohoa, hayo mafuta mtayanywa nyinyi wawili."

"Haitakohoa, mama," Ekai akasema.

"Sijaongea na wewe. Naongea na mwenye kukamata usukani."

Nikasema haitakohoa.

Kuna sheria moja ambayo lazima muielewe, bila hiyo hamtaelewa aibu yangu. Mafuta ya msine ni mazito. Yakiwa moto yanatembea kama dizeli. Yakipoa yanakuwa kama uji uliosahauliwa. Kwa hivyo trekta ina matangi mawili, dogo la dizeli na kubwa la msine, na katikati kuna koki. Ekai alinifundisha kama mtoto wa katekisimu.

"Sema tena, mzee."

"Kuwasha ni dizeli. Injini ikishika moto, nageuza koki, msine. Kabla ya kuzima narudisha koki kwa dizeli na kuhesabu mpaka mia mbili."

"Na ukizima na msine ndani?"

"Inalala ndani ya paipu na filta."

"Na kuamka?"

"Haiamki."

"Haya. Twende."

Saboti mpaka Kitale

Trekta haina haraka. Mwenye baiskeli anakupita, anakusalimia, anasimama kununua miwa, unampita, anakupita tena. Mimi nilikuwa kitini, Ekai amekaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, mkono mmoja kwenye paipu akipima joto kama daktari. Tulipofika mteremko wa kwanza akanipiga kofi mgongoni. "Geuza!"

Nikageuza koki. Nawaambia ukweli, nilifunga macho. Injini ikavuta pumzi, ikanyamaza kidogo kama mtu anayefikiria jibu, halafu ikaendelea. Sauti ikawa laini zaidi. Harufu ikabadilika, ikawa kama mtu anakaanga kitu jirani. Mbwa wawili wakatufuata mpaka wakachoka.

Ekai alitaka kupitia Kipsongo kumuaga mama yake. Nikamwambia tusizime. Tukasimama injini ikinguruma, na watu wakajaa. Mnajua Kipsongo, watu wanaamka na kutafuta kibarua, na asubuhi ile kibarua kilikuwa hakuna, kwa hivyo sisi ndio tulikuwa kibarua.

"Ekai! Sasa umepikia trekta chang'aa?" mmoja akapiga kelele.

"Ati inakunywa mbegu? Basi ikilewa nani atalala kwa mtaro?"

Mama yake Ekai ni mtu mdogo, mkavu, shanga shingoni. Hakucheka. Alizunguka trekta, akaishika kama anavyoshika ng'ombe, kisha akamwambia mwanawe kwa lugha yao maneno marefu. Nikamuuliza Ekai amesema nini.

"Ameuliza kama hii ndiyo imenifanya nisioe."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia ndiyo."

Hapo nikaona kwamba mimi niliihofia trekta ya shemeji, lakini yeye alikuwa amepakia maisha yake yote kwenye lile tangi. Sikufurahi kulijua hilo. Mzigo ukiujua unakuwa mzito zaidi.

Kitale mpaka Kiminini

Kiminini tulisimama kunywa chai, na hapo nilifuata sheria sawasawa. Nikarudisha koki, nikahesabu mpaka mia mbili, hata nikaongeza kumi za heshima. Tukazima. Tukaingia kibandani kwa mama mmoja mnene mwenye kicheko kizuri, anakaanga mandazi mlangoni. Nikala mandazi matatu. Ekai akala chapati kwa sababu yeye mandazi zinamchoma kifua. Kumbukeni hilo.

Nikiwa na kikombe cha pili, nikamsikia Ekai anaita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Mama! Umetoa wapi mafuta hiyo?"

Yule mama alikuwa ameshika moja ya mitungi yetu ya akiba tuliyofunga nyuma ya trekta. "Si hapo kwenu? Yangu yameisha. Nimeona yenu ni safi, ya rangi nzuri. Nimechukua kidogo tu, nitawaongezea mandazi."

"Hiyo si ya kula! Hiyo ni ya injini! Itaendesha watu tumbo mpaka kesho!"

"Kwani trekta yenu ina tumbo gumu kuliko watu?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakaangalia mandazi mikononi mwao. Yule mama akamwaga karai lote nyuma ya kibanda, akinung'unika, na mimi nikamuuliza kwa upole: yale matatu niliyokula yalitoka mafuta ya kwanza au ya pili?

Akafikiri. "Mawili ni ya kwanza," akasema. "Hilo lingine sina hakika, baba."

Kuanzia hapo nikawa nasikiliza injini kwa sikio moja na tumbo langu kwa lile lingine. Kila shimo barabarani nilijiuliza kama ni shimo au ni mandazi. Ekai akachukua mkaa, akaandika kwenye kila mtungi SI YA KULA, lakini mkaa hauandiki vizuri kwenye plastiki.

Kamukuywa

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kuparuka, nimeshindwa.

Wengi wenu mnajua kwamba mke wangu wa kwanza alifariki, nikakaa, nikaoa tena nikiwa tayari na mvi. Mke wangu wa sasa ni binti wa Kamukuywa. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, ni mdogo kuliko mimi. Ndiyo, chekeni. Ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, lakini ni mama mkwe, na sisi Wabukusu mama mkwe ni mama mkwe hata angekuwa na umri wa kifaranga. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji. Mkikutana njiani, mmoja anatoka njiani.

Tulifika Kamukuywa siku ya soko. Ekai akashuka kwenda kutafuta kamba ya kufungia mitungi vizuri, akaniambia nisogeze trekta polepole mpaka mwisho wa soko, tutakutana huko, nisizime. Nikasogea. Mawingu yalikuwa yamekuja meusi kutoka upande wa mlima. Watu wanafunika mboga zao. Halafu mbele yangu, mita kumi, namuona anavuka na kikapu. Yeye. Anakuja upande wangu.

Fikirieni. Mimi niko juu kama mfalme, suruali nimekunja mpaka magotini kwa sababu ya joto la injini, na trekta inanguruma mpaka masufuria ya wauza vyombo yanacheza. Kumpitia mama mkwe na kelele ile ni kumfokea. Kumtazama kutoka juu ni kumdharau. Mkono wangu ulifanya kazi kabla ya kichwa. Nikavuta kizimio, injini ikafa, nikaruka chini, nikajificha nyuma ya gurudumu kubwa.

Koki sikugusa. Mia mbili sikuhesabu. Hata moja.

Nikasema moyoni, akipita nitawasha haraka, injini ikiwa bado moto. Lakini hakupita. Alikutana na mwanamke mwingine palepale mbele ya trekta, na mnajua salamu za kwetu.

"Mulembe, mayi."

"Mulembe muno. Watoto?"

"Wako. Na ng'ombe?"

"Ile nyekundu imezaa."

"Imezaa! Ndume ama jike?"

Nikachuchumaa kwenye matope nikisikia habari za ng'ombe nyekundu, na za jirani aliyevunjika kiuno, na za mchungaji mpya ambaye anahubiri mpaka ugali unapoa. Nikaweka kiganja kwenye paipu. Ilikuwa vuguvugu. Mvua ikaanza, na ndani yake mawe. Barafu, ndogondogo, zikapiga injini tsss, tsss. Wale wanawake wakakimbilia kibanda cha chai kilicho karibu, wakasimama hapo wakitazama barabara. Yaani wakitazama trekta. Sikuweza kutoka. Nilinyeshewa kama kisiki. Nikashika paipu tena, ikawa baridi kama mkono wa maiti.

Mvua ilipopungua Ekai akaja akikimbia na kamba begani. Akasimama. Alisikia kimya kabla ya kuniona.

"Mzee. Imezimwa?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini nilikuwa nimelowa, nimekunja suruali, nimechuchumaa nyuma ya gurudumu nikimkimbia mwanamke mdogo kuliko mimi, na huyu ni fundi aliyenifundisha sheria moja tu.

"Imezima yenyewe," nikasema.

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Ilikohoa tu, ikazima."

Ekai hakuniuliza tena. Heri angeuliza. Alikaa chini kwenye matope, akaangalia injini yake jinsi mtu anavyoangalia nyumba iliyoungua.

Alirudisha koki kwenye dizeli, akajaribu kuwasha, mara mbili, tatu. Betri ikaanza kulia. Akasema filta na paipu zimeziba, lazima tupashe na maji ya moto, mengi. Maji ya moto yalikuwa wapi? Kwenye kibanda cha chai. Na kibandani alikuwa nani?

Nikamwambia Ekai aende yeye. Akaenda, akarudi mikono mitupu na uso wa mshangao. "Mzee, kuna mama pale anasema ataleta mwenyewe. Anasema wewe utazame upande ule mwingine."

Nikageuka, nikatazama duka la mbolea. Nikasikia hatua kwenye matope, debe likiwekwa chini, na sauti, siyo kwangu, ila kwa hewa iliyo karibu nami:

"Maji yamechemka. Kuna sufuria nyingine inakuja. Na aliyelowa avae kitu, asije akaniulia mtoto kwa kazi ya kumuuguza."

"Asante," nikaliambia bango la duka la mbolea.

Alileta mara nne. Mara nne nilisoma lile bango, mpaka leo naweza kuwaambia gunia lina nini. Ekai alimwagia paipu maji, akafungua filta, akasafisha, akarudisha, akatoa hewa. Alisema, "Si ungemsalimia tu huyo mama? Amesaidia." Nikamwambia ni desturi. Akasema haya. Hakuunganisha mambo mawili, na mimi sikumsaidia kuunganisha.

Iliwaka. Ikatoa moshi mweupe, ikatikisika, ikawaka. Mtu angefurahi. Lakini Ekai aliiacha koki kwenye dizeli, hakuigeuza tena.

Kamukuywa mpaka Misikhu, halafu Webuye

Sehemu hii ni fupi kwa maneno lakini kwangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Tulitembea kwa dizeli, kama trekta nyingine yoyote. Misikhu tulilala kwa mzee mmoja wa kanisa ambaye Ekai alimtengenezea pampu zamani. Walitupa ugali na kunde zenye siagi ya kienyeji, na mimi, ambaye mnajua sikatai kunde, nilikula kidogo. Mwenye nyumba akadhani mimi ni mgonjwa. Nikasema ni mandazi la Kiminini. Uongo wa pili huwa mwepesi.

Asubuhi, tukipanda kuelekea Webuye, Ekai alianza kuongea, macho kwenye barabara.

"Mzee, nimefikiria. Kama imezima yenyewe ikiwa moto, basi si paipu. Ni mafuta. Sijachuja vizuri, ama mbegu yenyewe haifai."

"Labda ni kitu kidogo."

"Hapana. Nimeifanya miaka mingi. Kama inaweza kuzima yenyewe barabarani, kesho itazima na mtu kwenye mteremko, na lori nyuma yake. Siwezi kuwapa watu kitu kama hicho. Nikifika Mabanga nitawaambia haifai."

"Ekai, utawaambia hivyo mbele ya watu?"

"Si ndiyo ukweli?"

Nilikamata usukani. Webuye tulipita nikiwa sioni Webuye. Mara kumi nilifungua mdomo, mara kumi lori likapita na kunipa sababu ya kuufunga. Kila lori nililishukuru, na kila lililokwisha kupita nikalilaani.

Mabanga

Tulifika wakati maturubai yameshasimama na watu wamejaa kati ya vipande vya mahindi na viazi. Kulikuwa na mtu na mizinga yake ya nyuki, na mama mmoja na mbuzi wa maziwa mwenye dharau. Sisi tukawekwa mwisho, karibu na choo, jambo ambalo kwa sababu ya lile mandazi sikulalamikia, ingawa tumbo lenyewe halikuwa limefanya chochote. Nilianza kushuku kwamba linalonisokota si mandazi.

Mwenye kutukagua alikuwa afisa mwanamke, madam mrefu, daftari mkononi, miguuni gambuti zilizochakaa kwa kazi. Hakuwa wa mchezo. Wakulima wakatuzunguka.

"Kwanza swali langu," akasema mzee mmoja mwenye kofia na kanzu, mfanyabiashara wa nafaka kutoka mjini Bungoma. "Mkianza kulima mafuta ya magari, sisi tutakula nini? Shamba ni lile lile."

Swali zuri. Nilimjibu mimi, maana hilo nalijua. "Msine hauchukui shamba, sheikh. Uko kwenye ua, uko hapo tangu babu. Tunaokota tulichokuwa tunachoma. Mtu akija akakuambia ng'oa mahindi upande msine, mfukuze. Hata akiwa ni mimi."

Wakakubali kwa vichwa. Madam akaandika. "Na inafanya kazi?" akamuuliza Ekai. "Mmetoka nayo Saboti kwa hayo mafuta?"

Ekai alivua kofia.

"Madam, tulitoka nayo. Lakini Kamukuywa ilizima yenyewe, ikiwa moto. Kuanzia hapo tumekuja na dizeli. Kwa hivyo mimi nasema haijafaa. Nisingependa mkulima aniamini halafu imwache njiani."

Madam akamtazama kwa heshima, naona, lakini kalamu ilikuwa imeshaanza kufungwa. "Nashukuru kwa kusema kweli," akasema. "Wengi hawasemi." Akageuza ukurasa.

Ule ukurasa uligeuka polepole sana. Nikauona unapinduka na Ekai ndani yake, na jeki yake, na akina mama wa Saboti na mifagio yao.

"Haikuzima yenyewe!" nikasema.

Nilidhani nimesema pole pole. Kumbe mbuzi aligeuka.

"Niliizima mimi. Na msine ndani. Sikugeuza koki."

"Kwa nini?" Madam akauliza.

"Niliona mama mkwe."

Aliyeanza kucheka ni mwenye nyuki. Kisha wote. Walicheka wakishikana mabega, wengine wakakaa chini kwenye majani. Mzee mmoja akafuta machozi: "Ukajificha wapi, bwana?"

"Nyuma ya gurudumu."

"La mbele?"

"La mbele lingenificha nini? La nyuma!"

"Na yeye ana miaka mingapi, huyo mama mkwe?"

Nikasema. Wakaanza upya. Lakini nikaona wazee wa Kibukusu, hata wakicheka, wanatikisa vichwa kwa kuelewa, na mmoja akasema kwa sauti, "Sasa angefanya nini? Ampitie akinguruma? Hata mimi ningezima." Mwenzake akamjibu, "Mimi ningeruka bila kuzima." Wakabishana. Madam hakucheka, ila midomo yake ilimpa kazi.

Ekai pia hakucheka. Alinitazama mimi peke yangu, kama hakuna mtu mwingine pale.

"Usiku wa jana wote," akasema, "nilihesabu siku nilizopoteza."

Nikamwachia kiti cha trekta.

Madam akafungua daftari tena. "Iwasheni," akasema. Ekai akawasha kwa dizeli, tukangoja ishike moto, na mimi nikasimama mbali kabisa. Akageuza koki. Injini ikavuta pumzi, ikafikiria, ikaendelea. Ile harufu ya kukaanga ikatawanyika, na watu wakanusa. Iliunguruma hivyo muda mrefu, madam akishika paipu, akiinama kuangalia moshi, akiuliza maswali ya maana ambayo Ekai aliyajibu moja moja. Akamwambia mwisho, "Mashine nzuri. Lakini inamtegemea mtu, na mtu anaweza kuona mama mkwe wakati wowote. Tengeneza kizimio ambacho hakiwezi kuvutika kama koki haijarudi. Kisha uniite. Hicho kikamulio kikubwa bado sijasema ndiyo. Sijasema hapana."

Kurudi

Tulirudi kwa msine, njia nzima, na haikukohoa. Ekai hakuongea nami mpaka Webuye, na baada ya Webuye alisema tu "shimo" na "punguza." Kamukuywa tulipita mapema kabla ya soko kufunguka. Kitale aliniambia, "Mzee, ungeniambia pale pale, ningekasirika dakika tano." Nikasema najua. "Sasa nitakasirika mpaka Pasaka." Nikasema ni haki yake.

Nasimiyu alikuwa amesimama langoni. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu, kwa simu ya nani sijui, na kwa kicheko cha nani sijui. Hakutusalimia kwanza. Aliweka mkono kwenye boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza injini, jinsi marehemu ndugu yangu alivyokuwa akisikiliza. Mimi na Ekai tukasimama kama wanafunzi.

"Haikohoi," akasema mwisho.

Ekai akaachia pumzi aliyoishika tangu Jumatano. Akaeleza habari za kizimio kipya, mkono ukichora hewani. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. Akasema tangi la pili litabaki. Jumatatu tutalima kwa msine, ila kizimio kiwe kimetengenezwa kwanza.

Nikarudisha koki, nikahesabu mpaka mia mbili kwa sauti, wote wakisikia, nikazima. Nikachomoa ufunguo, nikamnyooshea shemeji.

Akauchukua. Akaugeuzageuza mkononi. Akampa Ekai.

"Wewe utaendesha," akamwambia. Kisha akanigeukia, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinikata. "Wewe shemeji utatembea mbele ya jembe, uwe unatoa mawe."